Mkopo wa asilimia kumi: kwa nini ombi la milioni 20 lilirudishwa, na namna ya kuliandika upya

Swali: Sisi ni kikundi cha mafundi sita wilayani, mkoa wa Singida. Tunashona sare za shule kwa vyerehani viwili vya miguu, na kila Januari tunakataa kazi. Wanawake tuko watano, wawili kati yetu tumepita miaka 45, na tuna kijana mmoja wa kiume mwenye miaka 24. Mwenzetu mmoja ana ulemavu wa miguu, anatumia kiti cha magurudumu. Tuliomba mkopo wa halmashauri wa Sh milioni 20, ombi likarudi na maneno haya: "Aina ya kikundi ifafanuliwe. Uwezo wa marejesho hauonekani." Hakuna hata mmoja wetu mwenye cheti cha ufundi. Tumekosea wapi, na tuombe shilingi ngapi? (Katibu wa kikundi)

Jibu:

Dada katibu, zile sentensi mbili zinataja makosa mawili tofauti, na yote yanarekebishika kabla ya dirisha lijalo la maombi. Zito zaidi ni la kiasi. Inaonekana milioni 20 mliipata kwa kuorodhesha kila mnachohitaji, kisha mkajumlisha. Kamati husoma ombi kuanzia upande wa pili: biashara hii, katika mwezi wake mbaya kuliko yote, inaweza kurudisha shilingi ngapi? Mkianzia hapo mtapata kiasi kidogo zaidi, lakini mtaweza kukitetea mbele ya mtu yeyote.

Kwanza mjue fedha hizi zinatoka wapi, maana ndiko masharti yake yanakozaliwa. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha inayozunguka. Rejesho lenu ndilo mkopo wa kikundi kinachosubiri nyuma yenu. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wake baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ulipoanza tena mwaka 2024, halmashauri 10 ziliwekwa kwenye majaribio ya kutoa mikopo kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Kwingine, kwenu mkiwemo, ombi hupita kwenye kamati kuanzia kata hadi wilaya, na uhakiki umekazwa kuliko zamani. Kwa hiyo msichukulie maswali mengi kuwa ni kuwakomoa. Kikundi halisi chenye daftari halisi kina nafasi nzuri zaidi sasa kuliko wakati ule vikundi hewa vilipokuwa vinakula mgao wake.

Tuje kwenye aina ya kikundi. Mafungu ni matatu na kila moja lina hesabu yake, kwa hiyo kikundi lazima kisimame kwenye fungu moja. Ninyi mmesimama katikati. Mkijiita kikundi cha wanawake, kijana wa kiume anawatoa. Mkijiita kikundi cha vijana, waliopita miaka 45 wanawatoa. Njia nyoofu ni kusajili kikundi cha wanawake watano na kumfanya kijana awe fundi wa kulipwa, kwa mkataba wa maandishi unaotaja malipo yake kwa kila jozi ya sare anayoshona. Hapotezi kazi wala kipato, ila hatakuwa mdaiwa wala msaini. Kama anataka umiliki, atafute vijana wenzake waunde kikundi chao, ambacho baadaye kinaweza hata kuwauzia ninyi huduma ya kukata vitambaa au kudarizi nembo za shule. Msimfute kwenye karatasi huku mkiendelea kugawana naye faida kama mwanachama. Siku ya uhakiki maofisa huongea na kila anayekutwa kazini, na mkanganyiko wa aina hiyo hutosha kurudisha ombi.

Hapa pana mtego mdogo. Kima cha chini cha wanachama kwa vikundi vya wanawake na vijana kilishushwa mwaka 2021 kutoka 10 hadi 5. Kijana akitoka, mnabaki watano kamili. Mmoja akihamia kwa mumewe mkoa mwingine kabla ya mkopo kuidhinishwa, kikundi kimeanguka. Ingizeni mwanamke wa sita sasa, mpeni miezi mitatu ya kufanya kazi nanyi, ndipo muandike ombi. Achaguliwe kwa kujua kazi au kujua kuuza. Udugu peke yake usimwingize.

Mwenzenu mwenye ulemavu anaweza kubaki nanyi kama mwanamke, hilo halina tatizo. Anaweza pia kuchagua kuungana na wenzake wenye ulemavu na kuomba kwenye fungu la asilimia 2, ambako kanuni zimeruhusu kikundi kidogo zaidi. Achague mwenyewe, aamue kwa kulinganisha kipato, na akishachagua jina lake lisionekane kwenye vikundi viwili. Wanachama hutambuliwa kwa namba za kitambulisho cha Taifa, kwa hiyo jina lililorudiwa hugundulika mapema.

Sasa hesabu, na hapa tutakaa. Nitumie bei za mfano zinazokaribiana na kazi yenu, ninyi mziweke zenu kutoka kwenye daftari. Jozi moja ya sare, shati na sketi au kaptula, mnauza Sh 25,000. Kitambaa, uzi, vifungo na zipu vinakula Sh 14,500. Aliyeshona analipwa Sh 4,000. Zinabaki Sh 6,500. Msiruke malipo ya fundi kwa hoja kwamba "tunajishonea wenyewe". Vikundi vingi huandika faida kubwa kwa sababu nguvu ya wanachama imeandikwa sifuri, halafu mwezi wa tatu watu wanaanza kuchukua fedha za kitambaa kwa sababu hawana cha kula.

Chukueni pango, umeme na usafiri wa mwezi kuwa Sh 260,000 mkishaongeza mashine za umeme. Gharama hii inalipwa mshone msishone. Kisha mwaka ugawanyeni kwa misimu, maana sare haziuzwi kwa usawa. Shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo Novemba, Desemba na Januari ndiyo mavuno. Juni na Julai kuna wimbi dogo la likizo ya katikati. Miezi saba iliyobaki ni ya kuvuta siku. Tuseme kwa mashine mpya mnaweza kushona na kuuza jozi 180 kwa mwezi katika mavuno, 110 katikati ya mwaka, na 70 kwenye miezi myepesi. Jozi 180 mara 6,500 ni 1,170,000. Toa 260,000, zinabaki Sh 910,000. Jozi 110 zinaacha 455,000. Jozi 70 zinaacha 195,000. Kwa mwaka: 2,730,000 ya miezi mitatu, 910,000 ya miezi miwili, na 1,365,000 ya miezi saba. Jumla Sh 5,005,000.

Milioni 20 kwa miezi 24 ni Sh 833,333 kila mwezi, yaani milioni 10 kwa mwaka, kwa biashara inayobakiza milioni tano. Aliyeandika "uwezo wa marejesho hauonekani" hakukosea, na hakuhitaji kuwafahamu ili aone hivyo.

Kanuni ya kazi ninayowashauri ni kwamba marejesho ya mwaka yasizidi nusu ya kinachobaki. Nusu nyingine ina wenyewe: matengenezo ya mashine, kitambaa kikipanda bei, mteja akichelewa kulipa, na kitu kidogo cha wanachama mwisho wa mwaka. Nusu ya 5,005,000 ni 2,502,500. Kwa miaka miwili mnafika karibu milioni tano. Ombeni Sh 4,800,000, rejesho la Sh 200,000 kwa mwezi kwa miezi 24.

Zile jozi 70 za miezi myepesi ndizo zitakazohojiwa, na wana haki ya kuhoji. Ninyi wenyewe mnasema mnakataa kazi mwezi wa Januari. Maana yake mashine zinatatua tatizo la Januari. Mwezi wa Machi tatizo lenu ni wateja. Andikeni kwa majina hizo 70 zitatoka wapi: sare za kwaya, mashuka ya zahanati, aproni za mama lishe, marekebisho ya nguo. Kila moja iwe na barua ya mteja au oda ya zamani kama ushahidi. Kisha jaribuni hesabu kwa hali mbaya na muiweke ndani ya andiko bila kuificha. Miezi myepesi ikibaki na jozi 45 tu, kila mwezi unaacha Sh 32,500, na mwaka mzima unaacha 3,867,500. Rejesho la mwaka ni 2,400,000. Bado inalipika, mradi fedha za mavuno zimewekwa. Andiko lenye ukurasa huo lina nguvu kuliko lenye kurasa kumi za dhamira na malengo.

Neno "zimewekwa" ndilo linalobeba mzigo wote hapo, na ndilo linaloleta suala la kalenda. Fedha zikiingia Februari na marejesho yakaanza mara moja, mnakutana na miezi minne myepesi mfululizo. Kwa jozi 45 mnapungukiwa Sh 167,500 kila mwezi, jumla 670,000 kabla Juni haijafika. Zitatoka wapi? Kwenye kitambaa. Kitambaa kikiisha hakuna cha kushona, na deni linaanza kulimbikizana kwa kikundi ambacho hakikufanya wizi wowote. Vikundi vingi vya biashara za msimu hufa kwa njia hii, na kila mtu hudhani walikula fedha. Zikiingia Septemba, mnanunua mashine na kitambaa, mnajifunza mashine Oktoba, na Novemba mnaanza kuvuna. Kwa hiyo ombeni mapema ili uhakiki umalizike kabla ya msimu, na kwenye barua pendekezeni ratiba ya marejesho inayofuata misimu: kidogo kwenye miezi myepesi, kikubwa Desemba hadi Februari. Kama mkataba unatoa miezi ya kujipanga kabla ya rejesho la kwanza, msiitumie kupumzika. Wekeni rejesho lenyewe benki kana kwamba mnadaiwa tayari. Na kama fedha zitakuja Februari bila kupenda kwenu, punguzeni kitambaa cha kuanzia na muache Sh 670,000 zilale kwenye akaunti.

Ununuzi wenyewe upangeni hivi. Vyerehani viwili vya umeme vya kushona moja kwa moja, vile mafundi wanavyoviita juki, kwa Sh 850,000 kila kimoja: 1,700,000. Ovaloki moja ya nyuzi nne, ya kufunga kingo za kitambaa, 900,000. Meza ya kukatia na kurekebisha nyaya za umeme, 250,000. Kitambaa na vifaa vya jozi 100 za kwanza, 1,450,000. Kuzisafirisha na kuzifunga mashine, 100,000. Sindano, mafuta, mikanda na vipuri vya mwaka, 150,000. Kurekebisha mahali pa kazi kwa ajili ya mwenzenu, 250,000. Jumla Sh 4,800,000. Ambatisheni ankara kifani mbili au tatu za wauzaji tofauti kwa mashine, na msichague bei ya chini kwa kufumba macho. Ulizeni vipuri vinapatikana wapi na nani hutengeneza wilayani kwenu. Mashine iliyosimama wiki tatu Desemba imewapotezea zaidi ya bei mliyookoa wakati wa kuinunua.

Mota ya juki ina aina mbili. Ya klachi huzunguka muda wote mashine ikiwa imewashwa, inakula umeme hata mkinyoosha kitambaa. Ya sevo huzunguka fundi anapokanyaga tu, haipigi kelele, na kasi yake inapunguzwa kwa wanaojifunza. Chukueni ya sevo. Faida yake kwenu ni kubwa zaidi kwa sababu ya huyo mwenzenu: kanyagio lake linaweza kubadilishwa kuwa mkono unaosukumwa kwa kiwiko, kazi ambayo fundi mzuri wa mashine anaifanya.

Zile Sh 250,000 za mahali pake pa kazi nimezitenga kwa makusudi. Mara nyingi jina la mtu mwenye ulemavu huwekwa kwenye ombi ili kulipamba, halafu karakana inakodiwa kwenye chumba chenye ngazi tatu na mlango mwembamba, naye anaishia kukaa nje akikata nyuzi kwa malipo ya chini kuliko wote. Huko ni kumtumia. Pimeni mlango: uwazi usipungue sentimita 80, na 90 ni bora. Kizingiti chenye kimo cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 180, yaani kila kipimo kimoja cha kimo kwa vipimo 12 vya urefu. Ikiwa fupi kuliko hapo, hapandi bila kusukumwa. Chini ya meza ya mashine yake wekeni nafasi ya magoti ya sentimita 70 hivi kutoka sakafuni, na pasi na mkasi viwe anapofikia akiwa ameketi. Choo pia kikaguliwe, mara nyingi husahaulika. Mwenye nyumba akikataa mteremko wa saruji, tengenezeni wa mbao unaoondolewa. Na malipo yake kwa jozi yawe yaleyale ya wengine.

Upande wa nyaraka nitapita haraka, kwa sababu afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ana orodha kamili na ndiye wa kwanza kumwona. Mtahitaji cheti cha kutambuliwa kwa kikundi, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa chenye saini za wote, namba za vitambulisho vya Taifa, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, na andiko la mradi. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, hivyo majina yaandikwe sawasawa na yalivyo kwenye vitambulisho, hadi herufi. Jina la "Mwajuma" kwenye katiba na "Mwanajuma" kwenye kitambulisho linaweza kuwachelewesha wiki kadhaa.

Katiba ya kunakili kutoka kikundi kingine hujulikana upesi: inataja ufugaji wa kuku kwa mafundi wa nguo. Yenu ijibu mambo manne kwa namba: mwanachama akijitoa anaondoka na nini na anaacha deni kiasi gani, nani wanasaini benki (wawe watatu, na fedha zitoke kwa saini zisizopungua mbili, ndugu wa nyumba moja wasisaini pamoja), faida inagawanywa lini na kwa kiwango gani, na mashine ni mali ya nani. Jibu la swali hili la mwisho liwe ni kikundi, na liandikwe, kwa sababu siku ya ugomvi kila mtu hukumbuka tofauti.

Uhakiki ukija utawakuta karakana. Wanachotafuta ni dalili za biashara inayoishi: daftari la mauzo la miezi sita lenye mwandiko wa siku tofauti, risiti za kitambaa, mkataba wa pango, sare zilizo nusu, wateja wanaopita. Kila mwanachama ajue mkopo ni kiasi gani, rejesho ni kiasi gani na yeye anafanya kazi gani. Wakikuta katibu peke yake ndiye anayejibu, wataandika kwamba kikundi ni cha mtu mmoja.

Fedha zikiingia, wiki ya kwanza ndiyo ya hatari. Kosa baya kuliko yote ni kugawana, hata kwa jina la "posho ya kuanzia" ya Sh 50,000 kila mmoja. Kwa watu sita ni 300,000, yaani kitambaa cha jozi 20, na jozi hizo zingerudisha 130,000 juu ya mtaji wake. Mlipeni muuzaji wa mashine kutoka akaunti ya kikundi moja kwa moja, risiti ziwe na jina la kikundi, mashine zipigwe picha na kuandikwa namba. Halafu fungueni akaunti ndogo ya pili ya marejesho, na kila Jumamosi hamishieni Sh 50,000 humo. Kulipa kila wiki kutoka kwenye mauzo ni rahisi kuliko kutafuta laki mbili tarehe ya mwisho. Mkiona mwezi hautatosha, nendeni kwa afisa kabla ya tarehe, mkiwa na daftari. Kikundi kinachojitokeza mapema hupewa nafasi ya kuzungumza ratiba. Kinachojificha hutafutwa, na mkataba mliosaini unawafunga wote kwa pamoja, hata yule aliyekuwa analipa sehemu yake.

Kuhusu cheti, msidhani lazima muache kazi mkasome miaka miwili. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kwa ajili ya mafundi kama ninyi waliojifunza kazini. Fundi hupimwa kwa vitendo dhidi ya viwango vya fani, anaonyeshwa mapengo yake, anapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha anatathminiwa na kupewa cheti. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharamia nafasi za namna hiyo, pamoja na za uanagenzi kwa vijana, kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Matangazo hupita pia kwenye halmashauri na vyuo vya VETA. Kijana wenu wa miaka 24 ndiye wa kumtanguliza. Kabla ya kupimwa, mafundi wa nguo mara nyingi hukwama kwenye kuchora patani kwa vipimo, kwa sababu wamezoea kukata kwa kufuatisha nguo ya zamani. Fanyeni mazoezi hayo nyumbani. Hata soko linayahitaji: shule inayoagiza jozi 120 za saizi sita haiwezi kuhudumiwa kwa kukisia. Mafunzo haya ya ufundi hugharamiwa kwa sehemu na tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Ninyi mkiwa na wafanyakazi chini ya 10 hamdaiwi tozo hiyo, kwa hiyo msiogope kumwandikia kijana mkataba halali.

Limebaki soko la Serikali, ambalo vikundi vingi vyenye mkopo havilijui. Sheria za ununuzi wa umma zinazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na kikundi huingia humo kama kundi maalumu kwa kusimamiwa na taasisi wezeshi, kwa mfano halmashauri yenyewe. Mwombeni afisa maendeleo ya jamii awaelekeze kwa afisa ununuzi siku hiyohiyo mnapopeleka andiko. Mtahitaji namba ya mlipakodi ya kikundi na uwezo wa kutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwani bila hiyo malipo ya Serikali hukwama.

Ila msikimbilie oda kubwa kabla ya kupima mfuko. Oda ya jozi 120 inahitaji Sh 1,740,000 za kitambaa na vifaa na 480,000 za mafundi, jumla 2,220,000 kabla hamjalipwa hata senti. Kitambaa chenu cha kuanzia ni cha 1,450,000. Mnunuzi akilipa baada ya siku 60, katikati hapo mmelipa marejesho mawili na pango mara mbili. Kwa mwaka wa kwanza chukueni oda zisizozidi jozi 60 kwa mteja wa kulipa baadaye, ambazo gharama yake ni 1,110,000, na kwa wazazi na shule binafsi daini nusu ya bei mbele. Nusu ya Sh 25,000 ni 12,500. Inakaribia kulipa vifaa vyote vya jozi hiyo, na mnabaki kutafuta Sh 2,000 tu kabla mkasi haujagusa kitambaa.